Kuwafundisha watoto anga la Mtwara na Lindi kwa fimbo, ndimu, sinia na mbaazi

Mwambie mtoto wa darasa la nne akutajie sayari. Atazitaja zote nane kwa mpangilio, bila kusita. Kisha muulize Jua linachomozea upande gani wa nyumba yao, uone anavyoanza kutazama dari. Majina kayakariri, anga lenyewe hajaliangalia. Mwongozo huu unageuza mpangilio huo: mtoto apime kwanza kwa mkono wake, majina yatafuata yakihitajika. Ni kwa mzazi, mwalimu wa shule au wa madrasa, kaka au dada mkubwa, aliyepo Mtwara, Mikindani, Lindi, Kilwa, Newala au Masasi, mwenye watoto wa umri wa kati ya miaka sita na kumi na tatu. Darubini haihitajiki, wala intaneti.

Kuna sababu ya pili ya kuanzia uani. Picha nyingi za vitabuni zimechorwa kwa macho ya mtu anayeishi kaskazini sana. Humo mwezi mchanga umesimama wima, kivuli cha adhuhuri kinaelekea kaskazini siku zote, na msafiri aliyepotea anaongozwa na nyota ya kaskazini. Huku kwetu mwezi mchanga umelala chali, kivuli cha adhuhuri kinaelekea kusini sehemu kubwa ya mwaka, na nyota ya kaskazini haionekani kabisa, iko chini ya upeo wa macho. Mtoto anayefundishwa kwa picha hizo peke yake huishia kudhani kwamba anachokiona nje ndicho chenye kasoro.

Kabla ya kuanza

Utahitaji daftari moja kwa kila mtoto, fimbo iliyonyooka, uzi, futikamba au rula, chaki, nazi iliyofuliwa, ndimu chache, tochi (ya simu inatosha), sinia, na kiganja cha mbaazi, mtama na ufuta. Msimu mzuri ni kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Oktoba, mvua zikiwa zimekwisha na mawingu yamepungua. Desemba hadi Aprili fanya zile za ndani.

Kanuni ni moja tu: mtoto atabiri kwanza, aandike au achore utabiri wake, ndipo aangalie. Wewe nyamaza. Hili la kunyamaza ndilo gumu kuliko yote, hasa kwa walimu.

Na macho. Jua halitazamwi moja kwa moja hata siku moja. Miwani ya jua haitoshi. Filamu ya eksirei haitoshi, kioo kilichopakwa masizi hakitoshi, na Jua lililomo ndani ya beseni la maji bado linaunguza. Tarehe 1 Septemba 2016 kupatwa kwa Jua kwa umbo la pete kulipita kusini mwa Tanzania, na watu walisafiri hadi Rujewa mkoani Mbeya kwenda kukuona. Siku kama hizo ndizo vipande vya eksirei hutolewa kabatini. Waeleze watoto kwa nini ni hatari: sehemu ya nyuma ya jicho haina maumivu, kwa hiyo inaungua bila wewe kujua, na unagundua baadaye.

Fimbo uani

Kama una nafasi ya zoezi moja tu, fanya hili.

1. Tafuta uwanja tambarare usiofikiwa na kivuli cha mti kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri.
2. Simika fimbo ili mita moja kamili ibaki juu ya ardhi. Ipime kwa timazi: uzi wenye jiwe ncha ya chini, ulinganishwe na fimbo kutoka pande mbili. Fimbo iliyoinama kidogo inaharibu kila kitu kitakachofuata.
3. Kila mtoto aweke kokoto yenye alama yake pale anapodhani ncha ya kivuli itafika baada ya nusu saa. Waache wabishane.
4. Kila nusu saa, weka jiwe kwenye ncha halisi ya kivuli. Kuanzia saa 5:45 hadi saa 6:45 mchana, weka kila baada ya dakika tano.
5. Tafuta jiwe lililo karibu zaidi na fimbo. Mstari kutoka kwenye fimbo hadi jiwe hilo ni mstari wa kaskazini na kusini. Uchore kwa chokaa, au chimbia vigingi viwili, maana utautumia tena usiku.

Karibu watoto wote watatabiri kwamba kivuli kifupi kabisa kitakuwa saa sita kamili. Hakitakuwa. Kwa wastani Mtwara ni kama saa 6:20. Saa ya Tanzania inafuata mstari wa longitudo 45 mashariki, ambao kwa upande wetu huu unapita mbali baharini. Mtwara iko karibu na longitudo 40. Dunia inageuka digrii moja kwa kila dakika nne, basi digrii tano zinazobaki ni dakika ishirini. Wakubwa kidogo wanaweza kuifanya hesabu hiyo wenyewe ukiwapa ramani. Waambie pia kwamba dakika hizo hazikai palepale mwaka mzima: mwanzoni mwa Novemba Jua linafika juu kabisa karibu na saa 6:03, katikati ya Februari karibu na saa 6:33, kwa sababu njia ya Dunia kulizunguka Jua si duara kamili na Dunia yenyewe imeinama.

Rudia zoezi mara moja kwa mwezi, mchana tu, dakika chache. Mwishoni mwa Juni kivuli cha adhuhuri cha fimbo ya mita moja kitakuwa na sentimita kama 67 kuelekea kusini. Mwishoni mwa Desemba kitakuwa na sentimita 23 hivi, kuelekea kaskazini. Kati ya hapo lazima kuna siku kinapogeuka, na siku hiyo fimbo haina kivuli kabisa. Kwa Mtwara mjini ni karibu na tarehe 20 Oktoba, na tena karibu na tarehe 22 Februari. Lindi inatofautiana kwa siku moja tu au isiwe na tofauti. Mwezi Oktoba Jua linashuka kutoka kaskazini, hivyo Kilwa hutangulia kwa siku kama nne, Masasi na Newala husubiri siku moja au mbili baada ya Mtwara. Februari safari inarudi kinyume, lakini Februari kuna mawingu, ushike Oktoba. Uwe nje kufikia saa 6:00, maana siku hizo tukio ni karibu na saa 6:04. Simamisha pia chupa, kopo, na mtoto mwenyewe. Kivuli cha mtoto kinakuwa kidimbwi miguuni pake.

Siku hiyohiyo ya Oktoba, kama kuna binamu au shangazi Dar es Salaam mwenye subira, mpigie simu tangu jana yake. Asimike fimbo ya mita moja, naye aweke alama kwenye ncha ya kivuli kuanzia saa 6:00 hadi saa 6:20, kisha akupe kipimo cha kile kifupi kabisa. Wakati fimbo ya Mtwara haina kivuli, ya Dar itakuwa na sentimita kama 6. Fimbo zote mbili zimesimama wima, Jua ni lilelile, ila ardhi chini yake imepinda. Eratosthenes, msomi aliyeishi Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, alipima ukubwa wa Dunia kwa hoja hiyo. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuifanya hivi:

Duara ambalo nusu kipenyo chake ni fimbo (sm 100) lina mzingo wa 2 × 22/7 × 100, yaani sm 628. Kivuli cha sm 6 kinaingia humo mara 104 na ushee. Kutoka Mtwara hadi Dar, kwa kupima kaskazini–kusini tu na si kwa barabara, ni kilomita kama 380. Zidisha 380 kwa 104.7: unapata karibu kilomita 39,800. Mzingo halisi wa Dunia kupitia ncha zake ni kilomita 40,000 hivi.

Msishangae mkipata 36,000 au 44,000. Ncha ya kivuli ina ukungu, na nusu sentimita ya makosa inatupa jibu mbali kwa kilomita elfu tatu na zaidi. Fimbo ya mita mbili pande zote mbili inapunguza makosa, ila usisahau kubadilisha hesabu.

Jua chini ya mkorosho

Mchana, wapeleke watoto chini ya mkorosho au mwembe wenye majani mengi na waangalie madoa ya mwanga ardhini. Mianya kati ya majani ina pembe za kila aina, lakini madoa mengi ni ya mviringo. Kwa nini? Usijibu. Wape kipande cha boksi, wakate humo tundu dogo la pembetatu, la mraba, la nyota, kila moja dogo kama punje ya mchele, kisha walishike juani na kuangalia mwanga unaoanguka kwenye karatasi nyeupe iliyo mbali kidogo. Karatasi ikiwa karibu, pembetatu inabaki pembetatu. Ikienda mbali, yote yanakuwa miduara. Kila doa ni sura ya Jua lenyewe. Siku Jua linapopatwa, madoa yote chini ya mti yanageuka hilali, na hiyo ndiyo njia salama kuliko zote ya kuwaonyesha watoto: migongo kwa Jua, macho ardhini.

Wenye nyumba ya bati lenye tundu la msumari wana kifaa tayari. Pima upana wa doa sakafuni na urefu kutoka sakafu hadi tundu, adhuhuri Jua likiwa karibu na utosi. Urefu ni kama mara 107 ya upana: tundu likiwa mita 3 juu, doa ni milimita 28 hivi. Uwiano huohuo unahusu Jua halisi. Liko umbali wa kilomita milioni 150. Gawanya kwa 107, unapata upana wake, kilomita milioni 1.4. Tundu likiwa kubwa mno doa linavimba na hesabu inaharibika.

Nazi na tochi

Hili ni fupi. Nazi iliyofuliwa ina macho matatu upande mmoja. Upande huo uwe kusini. Weka nukta ya chaki iwe Mtwara, kidogo chini ya ukanda wa katikati kuelekea kwenye macho. Chumba kiwe giza, tochi iwe Jua, isisogee. Swali: nazi izungushwe upande gani? Watoto wa pwani wana jibu bila kujua. Jua kwao huchomozea upande wa bahari, hivyo chora na bahari mashariki mwa nukta, kisha zungusha mpaka upande wa bahari utangulie kuingia kwenye mwanga. Mwelekeo mmoja tu ndio utakaokubali.

Watakuuliza kwa nini hatusikii mzunguko, hasa ukiwaambia kwamba Mtwara inakwenda zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa. Ni kwa sababu hewa, bahari na nyumba vinakwenda pamoja nasi, na mwendo haubadiliki ghafla. Inamisha nazi kidogo kuelekea tochi kisha kinyume, waone kwa nini mchana wa Desemba Mtwara unazidi ule wa Juni, ingawa kwa saa moja na dakika kama kumi tu. Sisi tuko karibu na ikweta, ndiyo maana saa zetu za Kiswahili, zinazoanza kuhesabiwa alfajiri, zinafanya kazi mwaka mzima.

Mwezi, ndimu na maji ya bahari

Muulize mtoto kwa nini Mwezi unapungua. Wengi, na watu wazima wengi pia, watasema ni kivuli cha Dunia. Jibu hilo linavunjwa kwa ndimu moja.

Siku tatu hadi saba baada ya mwezi mpevu, toka nje saa mbili asubuhi. Mwezi utakuwa bado uko upande wa magharibi, mweupe, na Jua liko mashariki. Chomeka ndimu kwenye kijiti cha mshikaki, mtoto anyooshe mkono ailenge ndimu karibu kabisa na Mwezi, huku jua likiipiga. Sehemu ya ndimu iliyo kwenye mwanga itakuwa na umbo lilelile la Mwezi, na mwelekeo uleule. Jua linaonekana, Mwezi unaonekana, na hakuna kitu kilichosimama katikati. Kivuli cha Dunia kimetoka wapi? Mwezi una nusu moja inayomulikwa siku zote, na sisi tunaona sehemu ya nusu hiyo kutegemea tumesimama wapi.

Usiku, rudia ndani kwa tochi iliyowekwa juu ya meza. Mtoto asimame, kichwa chake kiwe Dunia, ndimu mkononi iwe Mwezi, ajizungushe polepole kuelekea kushoto. Atapata mwezi mwandamo, nusu, mpevu, kisha kupungua. Akifika mahali ambapo tochi iko kisogoni, kivuli cha kichwa kitaifunika ndimu: huko ndiko kupatwa kwa Mwezi. Ainue mkono kidogo, mwezi mpevu unarudi. Njia ya Mwezi imeinama digrii kama tano, ndiyo maana mara nyingi unapita juu au chini ya kivuli na haupatwi kila mwezi.

Halafu kalenda. Chora vyumba 30 kwenye karatasi. Kuanzia siku mwezi unapoandama, kila magharibi mtoto achore umbo na mahali ulipo. Watoto wa madrasa wanatangulia hapa, maana Ramadhani imewazoesha kuutafuta. Mwezi ukishapita mpevu, magharibi hautaonekana, achore asubuhi. Ataona mwenyewe kwamba unachelewa kila siku, kwa wastani dakika 50, na kwamba mzunguko unafunga baada ya siku 29 au 30.

Sasa ongeza bahari kwenye kalenda hiyo. Nakubali kwamba watu wa Newala na Nachingwea hawatalipenda zoezi hili, lakini kwa aliye Mikindani, Msanga Mkuu, Sudi au Kilwa, hakuna maabara bora. Kila siku mtoto aandike saa maji yalipojaa au yalipokupwa kabisa, na alama ya yalipofika: jiwe la ukutani, mti, ngazi ya gati. Kabla hujampa maelezo yoyote, mtume kwa wanaojua. «Shikamoo babu, kesho maji yatapwa saa ngapi?» Mvuvi atamjibu bila kuangalia kitabu, na wanawake wanaokwenda kutafuta pweza watamwambia kwamba bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, ndiyo siku zao, na kwamba siku hizo maji hukauka katikati ya asubuhi.

Baada ya mwezi mmoja weka michoro na maji pamoja. Bamvua itaangukia karibu na mwezi mwandamo na karibu na mwezi mpevu, mara nyingi ikichelewa siku moja au mbili. Maji mafu, yaani yanapojaa na kupwa kidogo tu, yataangukia karibu na nusu mwezi. Na ile dakika 50 ya kuchelewa kwa Mwezi itajitokeza tena kwenye saa za maji kujaa. Hapo ndipo maelezo yanapoingia vizuri: Mwezi unavuta bahari, Jua nalo linavuta kwa nguvu isiyofika nusu ya ile ya Mwezi. Vikiwa kwenye mstari mmoja na Dunia, vinasaidiana. Vikiwa kwenye pembe mraba, Jua linaupunguzia Mwezi kazi yake. Pwani yetu tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua ni kama mita tatu, kwa hiyo mtoto asiende mwambani peke yake. Maji yanarudi haraka na huwa yanamzunguka mtu aliyeinama.

Sinia na mbaazi

Mchoro wa ukutani unaoonyesha sayari zimepangana bega kwa bega umedanganya vizazi vingi. Upeleke darasa nje, uwanja wowote wa mpira unafaa, si lazima uwe ule wa Nangwanda Sijaona wa Mtwara mjini.

Sinia kubwa yenye upana wa sm 65 ni Jua. Iweke kwenye mstari wa goli. Dunia, kwa kipimo hicho, ni mbaazi moja yenye milimita sita. Watoto watabiri: mbaazi ikae wapi? Wengi wataiweka hatua tano au kumi kutoka kwenye sinia. Mahali pake ni mita 70. Mwezi ni punje ya ufuta, shubiri ndogo moja, yaani sm 18, kutoka kwenye mbaazi, na huko ndiko mbali kuliko kote ambako binadamu wamewahi kukanyaga.

Endelea. Zebaki, punje ndogo ya mtama, mita 27 kutoka kwenye sinia. Zuhura, mbaazi nyingine, mita 51. Mirihi, nusu ya mbaazi, mita 107, yaani nyuma kidogo tu ya goli la pili. Kuanzia hapo uwanja umekwisha na unahitaji barabara au ufukwe. Mshtarii, ambayo vitabu vingine huiita Jupita, ni ndimu kubwa yenye sm 6.6, mita 364. Zohali ni ndimu ya pili, ndogo kidogo, mita 670. Neptuni ni kama gololi kubwa, zaidi ya kilomita mbili. Hakuna haja ya kufika; mwonyeshe mnara wa simu au msikiti ulio umbali huo na uache.

Kisha mwanga. Mwanga wa Jua hutufikia kwa dakika 8 na sekunde 20. Chagua mtoto mtulivu, atoke kwenye sinia aende kwenye mbaazi akitumia muda huohuo, sentimita 14 kwa sekunde. Ni mwendo wa kinyonga, na wenzake watamcheka njia nzima. Huo ndio mwendo wa mwanga kwa kipimo chetu, na hakuna kinachouzidi. Mwisho uliza nyota ya karibu kabisa baada ya Jua itakuwa wapi. Watasema Dar. Mmoja shujaa atasema China. Jibu ni kilomita kama 19,000, karibu nusu ya mzingo wa Dunia halisi.

Usiku

Vaeni viatu, jipakeni dawa ya mbu, zimeni taa zote, na kaeni dakika kumi na tano bila kuangalia simu ili macho yazoee. Umeme ukikatika, msikasirike sana.

Mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni, saa mbili usiku, Msalaba wa Kusini umesimama karibu wima upande wa kusini. Ngumi ya mtu aliyenyoosha mkono inafunika kama digrii kumi za anga, kwa mtoto na kwa mkubwa, kwa kuwa mwenye mkono mfupi ana ngumi ndogo. Msalaba uko ngumi nne juu ya upeo wa macho. Kushoto kwake kuna nyota mbili zenye kung'aa sana zinazouelekea. Hizo ndizo uthibitisho, maana upande wa kulia kuna msalaba wa uongo, mkubwa na hafifu zaidi, usio na nyota hizo mbili. Chukua urefu wa mti mrefu wa msalaba, uuteremshe kutoka nyota ya chini mara nne na nusu. Hapo hapana nyota yoyote ya kujivunia, lakini anga lote la kusini linazunguka nukta hiyo. Ipime: ngumi moja juu ya upeo wa macho. Digrii kumi. Mtwara iko digrii kumi kusini mwa ikweta, na mtoto ameipima kwa ngumi. Cape Town ingekuwa ngumi tatu na nusu.

Rudini sasa kwenye ule mstari wa fimbo uani. Je, unaelekea kwenye nukta hiyo? Kama haulingani, timazi ya mchana ule ilikuwa na tatizo.

Mwishoni mwa Julai, saa zilezile, tafuta Nge, kundi la nyota lenye umbo la nge, karibu na utosi: moyo wake ni nyota nyekundu, Antares, na mkia wake umejikunja kwelikweli. Njia Nyeupe inapita hapo. Januari na Februari mawingu yakiruhusu, kuna zile nyota tatu za mstari za kundi la Jabari, na upande mmoja wa mstari huo Kilimia, kifungu kidogo cha nyota; muulize kila mtoto anahesabu ngapi, majibu yatatofautiana kwa macho yao. Wazee wa pwani wana msemo: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kilimia hupotea magharibi mwanzoni mwa Mei na huonekana tena alfajiri mwezi Juni. Watoto waandike hali ya hewa ya vipindi hivyo viwili, miaka miwili au mitatu mfululizo, wauhukumu msemo wenyewe.

Majivu kwa siku za mvua

Beseni, mchanga mkavu wa sm 5, juu yake tandazo jembamba la majivu ya jikoni. Kokoto moja iangushwe kutoka usawa wa goti, kisha kiuno, kisha kichwa. Pimeni upana wa shimo kila mara, na muone mistari ya mchanga inavyorushwa juu ya majivu, kama inavyoonekana kwenye Mwezi mpevu. Mwezi hauna upepo wala mvua ya kufuta mashimo yake. Duniani yanafutika: kimondo cha Mbozi mkoani Songwe kina uzito wa tani kama 16, na shimo lake halionekani.

Mtoto wa Lindi atauliza kama jiwe la namna hiyo ndilo lililomwua mjusi mkubwa wa Tendaguru, yule ambaye mifupa yake ilichimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913 na sasa imesimamishwa Berlin. Jiwe lililowamaliza dinosaria lilianguka Meksiko miaka milioni 66 iliyopita. Mjusi wa Tendaguru aliishi miaka milioni 150 iliyopita. Mwache mtoto atoe moja kwa nyingine: mjusi wetu alikuwa ameshakufa zamani, miaka milioni 84 kabla.